Dari Lisilorudisha Sauti

Jumatatu, 4 Agosti

Siku kubwa! Mwalimu wa kwaya anayoimba mke wangu amekuja kuikagua studio yangu. Yangu! Chumba cha nyuma, kile kilichokuwa cha masanduku na baiskeli mbovu, leo kina meza, kompyuta, maikrofoni imesimama kwenye mguu wake, na zulia ukutani. Nilivaa shati la mikono mirefu. Visikilizio shingoni, ingawa havikuchomekwa popote.

Mwalimu ni mama mfupi mwenye maneno machache. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Akasimama katikati ya chumba, akafumba macho, akapiga kofi. Moja tu. Kisha akatazama juu na kusema, "Inarudi."

Nikamwuliza nini kinarudi. Akasema sauti. Inapanda, inagonga dari, inarudi. Yeye hawezi kuleta watu waje waimbie ndani ya ndoo. Jumamosi asubuhi atakuja na kwaya nzima. Akipiga kofi lisiporudi, watarekodi kwangu. Likirudi, watakwenda kwa Bwana Mwangwi, maana kule angalau kuna viti.

Bwana Mwangwi! Jina hilo nilimpa mimi. Ana studio mtaa wa pili. Ukikohoa humo ndani utadhani mmekohoa ukoo mzima.

Jioni mke wangu akaleta lake. Mama yake analala chumba cha watoto, maumivu ya magoti hayamwachi, na watoto wanampiga mateke usiku kucha. Kwaya ikirekodi Jumamosi, chumba cha nyuma ni changu, hatakitaja tena. Isiporekodi, Jumapili kitanda cha mama kinaingia na mashine zangu zinatoka. Amesema yote hayo huku akikunja nguo, hata hakupandisha sauti. Hapo ndipo nilipojua hatanii.

Sikubishana. Mwanamume mwenye mpango habishani.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango: paneli za kunyonya sauti. Nimetengeneza sita kwa mikono yangu. Fremu za mbao, ndani mablanketi ya zamani yaliyokunjwa mara nne, juu kitambaa cha maua. Nilipomaliza nikazipanga sebuleni nikazizunguka. Nimezaliwa na kipaji, basi tu.

Mke wangu akauliza pazia la sebuleni liko wapi. Nikamweleza kwamba mwanga wa jua ni afya. Akaitazama paneli moja, akayatambua maua.

Baadaye akajaribu kuinyanyua. Akaishusha. Akasema vitu hivi ni vizito, kwa nini tusimwite seremala aje avifunge. Nikacheka. Seremala anajua milango. Mlango hausikilizi muziki. Kazi hii inataka sikio.

Akasema haya.

Jumatano, 6 Agosti

Leo gundi. Gundi ya viatu, ile kali, inayoshika soli mpaka kiatu kife. Nikapanda juu ya meza, nikapaka, nikabandika paneli ya kwanza. Kopo linasema ukandamize kwa muda mrefu. Mikono ikachoka. Nikakandamiza kwa kichwa.

Hapo ndipo mama mkwe akaingia. Nikamwamkia shikamoo mama, shingo imepinda, siwezi hata kugeuka. Akaitikia marahaba mwanangu, kwa upole wote. Akanipa pole na kazi. Kisha akatoa kamba, akaanza kupima ukuta, pole pole, kutoka pembe hadi pembe. Nikamwuliza anapima nini. Akasema hapimi kitu, ananyoosha magoti tu. Akafunga fundo kwenye kamba pale ambapo urefu wa kitanda ungeishia, akatoka.

Mama mwenye adabu kubwa. Ila nimeanza kumwogopa.

Mpaka mchana paneli tatu zilikuwa juu. Nikatangaza mezani kwamba kazi imekwisha nusu. Hatujanawa mikono tukasikia puu! Kisha puu ya pili. Ya tatu ikangoja tukimbilie chumbani, ndipo ikaanguka mbele ya macho ya watu.

Nimezichunguza. Nyuma ya kila paneli kuna kipande cheupe cha chokaa, kimenata barabara. Maana yake gundi ilishika. Kilichoachia ni chokaa. Kwa hiyo, kitaalamu, nilifaulu.

Alhamisi, 7 Agosti

Skrubu! Ndefu, za kuchagua moja moja. Nikaishindilia paneli kwenye siling bodi, pembe zote nne. Nikaivuta. Imekaza. Nikajining'iniza kidogo kuhakikisha. Nadhani hapo ndipo nilipozidisha imani.

Skrubu hazikuachia hata moja. Kilichoachia ni siling bodi. Nilishuka nayo, mimi, paneli na kipande cha dari cha ukubwa wa sinia, tukakaa sakafuni katika vumbi.

Na nani akapita wakati huo kunisalimia? Bwana Mwangwi. Kaja na visikilizio vyake shingoni. Mtu huyu huvivaa hata msibani. Akatazama tundu, akaona bati. Akauliza, kwa ule upole wake wa kinafiki, kama hapo ndipo nitakapoweka feni. Nikamwambia ndiyo, na kwamba studio za kisasa zote zina hewa ya juu. Akasema hongera. Akasema Jumamosi kwake viti vimeshapangwa, pengine kwaya itachoka kutembea.

Roho imeniuma, sitaficha. Mke wangu akaniletea maji akanipangusa chokaa usoni. Akasema bado siku moja, na seremala yupo. Nikamwambia asife moyo, nimeshagundua kosa: siling bodi ni ngozi tu, mifupa iko juu yake. Akashusha pumzi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeshinda! Nimeshinda! Nimeshinda!

Nilipita kwenye tundu lilelile la jana (kumbe lilikuwa na kazi yake) nikaingia juu ya dari. Vumbi, joto, na buibui mmoja ambaye hatukuelewana. Nikatambaa juu ya boriti kama mjusi. Nikazifungia paneli kwenye boriti kwa waya, waya unapita kwenye siling bodi, unashuka, unabeba. Mama mkwe alikuwa chini ananishikia ngazi na kunipitishia waya, ingawa kila mtu nyumbani anajua chumba kikishindikana ni nani atakayekipata. Nilimwambia mama, Mungu atakulipa. Akajibu kwamba mpanda ngazi hushuka. Nimepokea kama dua.

Waya ulitosha paneli tano. Ya sita, ile ya katikati, nimeifunga kwa kamba ya nailoni ya kuanikia nguo. Mke wangu akauliza nguo zitaanikwa wapi, na kama fundo la nailoni halitelezi. Wanawake wana maswali! Nailoni inavuta magari.

Kisha nikasimama katikati ya chumba. Nikafumba macho. Nikapiga kofi.

Halikurudi.

Nikapiga tena. Pa! Kisha tuli, kama maji mtungini. Nikawaita wote. Watoto wakapiga makofi mpaka wakachoka. Mke wangu akapiga moja, akasikiliza, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani tulipokuwa wachumba. Akasema, "Kweli umeweza." Machozi yakanilenga. Nikasingizia vumbi.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike haya nikiwa bado na nguvu za mkono.

Kwaya imefika saa tatu. Watu kumi na wawili, wamevaa sare, mke wangu akiwa safu ya nyuma. Mama mkwe alikaa kwenye kistuli karibu na meza yangu. Mwalimu akasimama katikati, chini ya paneli ya sita, akafumba macho, akapiga kofi lake.

Nikamtazama mdomoni. Dunia nzima ilikuwa pale mdomoni.

"Hairudi," akasema. Akanipa mkono! Mbele ya watu! Nikavimba mpaka kifungo cha shati kikalalamika.

Nikatoa hotuba fupi. Nikaeleza paneli zilivyobuniwa. Nikaeleza kwamba hapa pana utaratibu: mashine haiguswi na yeyote asiye injinia, na injinia ni mimi. Mwalimu akasema sawa, lakini tuanze, kwa sababu mwimbaji wake mkuu ametoka kuugua koo, daktari kamruhusu aimbe wimbo mmoja tu, mara moja tu. Baada ya hapo anasafiri. Nikasema kwangu mara moja inatosha.

Nikanyoosha kidole kukibonyeza kitufe cha kurekodi. Ndipo nikasikia kwii. Nikainua macho. Paneli ya sita inashuka. Taratibu, kidogo kidogo, juu ya kichwa cha mwalimu. Fundo la nailoni lilikuwa linateleza.

Mwingine angesimamisha kazi. Mimi si mwingine. Nikasema naomba dakika, naenda kurekebisha sauti kwa juu. Nikapanda ngazi, nikapita kwenye tundu, nikatambaa, nikaidaka kamba kwa mikono yote miwili, sekunde ile ile fundo lilipoachia. Uzito wote ukaja mikononi. Nikaegemeza miguu kwenye boriti. Siwezi kufunga, siwezi kuachia. Lakini nilikuwa nimeishika! Nikapaza sauti kwamba mambo tayari, waanze.

Mwalimu akahesabu. Kabla hawajaingia nikamsikia mama mkwe chini, kwa sauti yake ile ya upole.

"Mwanangu, hapa mezani hakuna kitu cha kubonyeza?"

"Mama, msiguse kitu chochote!"

Wakaimba.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Nilikuwa gizani, jasho linaingia machoni, kamba inanikata viganja, na sauti zinapanda kupitia siling bodi, safi, kila moja imesimama peke yake, halafu zote pamoja. Yule mwenye koo akaimba mpaka nikasahau mikono yangu. Nikamtambua mke wangu nyuma yao. Nikajisemea, haya yote yanaimbwa chini ya dari langu, nami nimelishika. Hakuna mtu aliyewahi kuwa na fahari kama ile niliyokuwa nayo.

Walipomaliza, wakaanza kukumbatiana. Nikawaomba waipokee paneli kwa mikono, nikaishusha. Nikateremka nimejaa vumbi, wakanipigia makofi. Hata hayo hayakurudi. Mwalimu akavaa visikilizio akaomba asikie.

Akasikiliza. Akafumba macho. Akasikiliza tena. Nikamwona anasubiri.

Akanipa visikilizio. Nikavaa. Hamna kitu. Nikatazama kompyuta, nikatazama kitufe. Kitufe kilinitazama vilevile nilivyokiacha.

Nikaona watu kumi na wawili wananisubiri niseme kitu, na mke wangu ameshafunika uso kwa kiganja. Nikajikaza kisabuni. Nikamwomba mwalimu ausikilize vizuri ule ukimya. Hauna mvumo. Hauna kelele za barabarani. Hauna mwangwi hata chembe. Ukimya wa namna ile hawezi kuupata kwa Bwana Mwangwi.

Mwalimu akafikiri. Akasema ni kweli, ni ukimya mzuri sana. Kisha akawaambia watu wake wachukue mikoba.

Jumapili, 10 Agosti

Kitanda kimeingia. Nimekibeba mwenyewe, upande wa kichwa. Urefu umekaa sawasawa na lile fundo la kamba.

Kompyuta iko juu ya kabati la vyombo. Maikrofoni iko nyuma ya mlango, watoto wanaitundikia kofia. Nimeumia. Shajara ni yangu, acha niseme ukweli: nilipokunja zulia la ukutani nilikaa juu yake kitambo kirefu, sikutaka kutoka. Mke wangu akaja akakaa karibu. Hakunisimanga hata kwa neno moja. Angenisimanga ningepata la kujibu.

Nikaanza kuzifungua paneli. Mama mkwe akanizuia. Akasema ziache. Amelala humo mchana kidogo, hakusikia watoto, hakusikia redio ya jirani, hakusikia hata magoti yake yakilia. Miaka mingi hajalala namna ile. Akanishika mkono wenye bendeji akasema, "Umenijengea chumba, mwanangu."

Nikamwambia mama, ndiyo ilikuwa nia yangu tangu mwanzo. Mke wangu akakohoa.

Jumanne, 12 Agosti

Lo! Mwenye haki hupewa haki yake!

Bwana Mwangwi amekuja. Hakuvaa visikilizio. Alisimama mlangoni akisugua mguu mmoja kwa mwingine mpaka nikamwonea huruma, nikamkaribisha. Kumbe mwalimu wa kwaya alikwenda kwake jana. Akapiga kofi. Akamwambia inarudi. Akamwambia yeye ameshausikia ukimya wa kweli, anajua ulivyo, hawezi kurudi nyuma. Atafute aliyeutengeneza, mwimbaji akirudi safarini watarekodi kwake.

Kwa hiyo amekuja kwangu. Kuniomba mimi! Nimfungie paneli dari lake lote!

Nimemwacha angoje kidogo, halafu nikakubali. Nimekwenda kulitazama. Ni dari kubwa mara mbili ya langu, na boriti zake zimeliwa na mchwa. Akauliza kama tumwite seremala aangalie. Nikacheka sana. Mke wangu, aliyetusindikiza, akauliza safari hii kitufe atabonyeza nani. Nikasema hilo dogo, mimi ndiye injinia, kitufe ni changu na kamba ni zangu, na mtu yeyote asiguse kitu.

Bwana Mwangwi akatazama boriti zake, akanitazama mimi. Akauliza je, zikishindwa kubeba?

Maskini. Mtu amefanya kazi hii miaka yote hajui jambo dogo kama hilo. Nimempiga begani, nikamwambia alale salama: nitakuwepo mwenyewe juu, nimeshika.