Mkono Wangu Sasa Unasomeka LIA

Kintinku, Manyoni
15 Agosti 2006

Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kliniki ya Ngozi Mng'ao,
Singida Mjini.

YAH: KUCHOMWA NA MWANGA, NA MKONO KUHARIBIWA MAANA

Shikamoo. Mimi ni Obadia, dume la Kintinku, niliyeishia darasa la sita kwa ombi la mwalimu. Wiki iliyopita nilikuja kwako kufutwa jina ELIANA mkononi. Eliana aliolewa Itigi bila kuniuliza, na mchumba wangu mpya, Damari, ameapa kwamba hapikii mkono wenye jina la mwenzake. Posa ni Jumamosi. Kwa unyenyekevu nalalamika:

1. Fundi wako Alphonce alisema leza ni kama kupigwa na mpira. Nilidhani wa kufungia nywele. Kumbe wa manati, tena ndege ni mimi.

2. Mlinivalisha miwani ya giza. Nikasikia harufu ya nyama choma, nikafurahi kwamba mnajali wateja. Kumbe nyama ni mimi.

3. Dawa ya ganzi nililetewa, nikaikataa, nikasema jandoni sikupepesa hata kope. Kosa hili ni lenu. Mtu mwenye shule yake anamwaminije kijana anayejisifu mbele ya nesi?

4. Umeme ulikatika. Jenereta yenu ina ubaguzi: mashine ya kuunguza inaiendesha, feni haiijui. Ikabidi nesi Elina anipepee kwa kalenda, halafu akaanza kunipuliza mkono kwa mdomo, akisema, "Pole kaka, kaza moyo." Hivi pumzi ya dada mmoja ndiyo starehe ya kliniki nzima?

5. E ilipofutika nilimwomba Alphonce ahamie mwisho wa jina, labda kule ngozi ni ya upole. Akafuta NA. Hapo nilitoka mlangoni, na kitasa nikatoka nacho. Stendi ndipo niliposoma kilichobaki: LIA.

Mheshimiwa, hii ni amri! Mwalimu wa darasa la kwanza ananiita nikanyooshe mkono ubao ukijaa. Watoto wanasoma kwa pamoja, "L-I-A, lia!" na wawili wanatii. Msibani kwa mzee Laurenti nilinyoosha mkono kupokea ugali, akina mama waliokwisha kunyamaza wakaanza upya. Sasa nimealikwa misiba miwili ambayo marehemu siwajui.

Naomba mje mmalizie kabla ya Jumamosi, nikiwa nimelala. Pia naomba cheti chenye muhuri, nimwonyeshe Damari, kwamba mayowe yaliyosikika mpaka stendi yalikuwa ya jenereta.

Nisalimie Alphonce, mlinzi niliyemkanyaga, Elina, wagonjwa wote, na Elina.

Wako katika ujenzi wa taifa na ngozi,
Obadia (Dume)

Tanbihi: Barua imechelewa, Jumamosi imepita. Damari alisoma mkono mbele ya shangazi zake, akasema, "Haya, fanya kama ulivyoandikwa," akaingia ndani. Kwa hiyo cheti acha. Nimekwenda kwa Amosi, aliyenichora mara ya kwanza kwa sindano, ameongeza E mbele na kubananisha N kabla ya A. Haikuuma hata kidogo. Nilikuwa nawaza ile pumzi. Tafadhali mwonyeshe Elina barua hii. Kama ameolewa, niwekee nafasi ya kufuta herufi zote tano. Ganzi sitaki. Apulize yeye.