Redio Apewa Maikrofoni Ukumbi wa Nyota

"Ukumbi wa Nyota unafunguliwa tena Jumamosi!" Justus alisoma kwenye simu, tako moja likiwa kwenye benchi la Kache muuza kahawa, jingine hewani, kwa vile sisi wengine tulikuwa tumemtangulia.

Hapo ni Mikindani, kando ya barabara ya Nairobi. Kazi yetu kubwa pale ni kunywa kahawa chungu na kutoa amri kwa serikali isiyotusikia.

"Ati sasa ni ukumbi wa muziki na mikutano ya kimataifa," akaendelea. Justus ni mtu wa bara, dereva wa lori, tunamwita Breki. "Na wanatafuta mtu aliyeujua zamani, aongee siku hiyo."

Shingo zote zikamgeukia mzee Nyale. Alikuwa kibarua wa bandarini, na jina lake la kijiweni ni Redio: hazimiki, na stesheni yake ni moja tu, Ukumbi wa Nyota.

"Wa kuongea yupo," alisema, akijipangusa mdomo. "Lile lilikuwa bohari la mbata, nazi kavu za kukamuliwa mafuta. Mwenyewe akafilisika, magunia yakatolewa, ikapigwa sakafu ya mbao, likawa jumba la dansi. Joto likizidi, kuta zinatoka mafuta! Mtu wacheza huku wajipaka nywele."

"Buda, hapo umeongeza chumvi," alisema Breki.

"Juzi ulisema mafuta yalitoka darini," alidakia Kache, mwenye birika, tunayemwita Jaji.

"Yalitoka kote! Dari na ukuta ni ndugu."

"Na usiku ule stima ilipopotea?" nikachokoza mimi.

"Vyombo vya bendi vikafa. Nikashika debe, nikapiga mpaka alfajiri."

"Ulituambia ni filimbi, mzee," Kache alimkumbusha.

"Debe kwa mkono, filimbi kwa mdomo! Wewe viungo vyako vyafanya kazi kwa zamu?"

Breki alituma jina la mzee kwa mzaha. Jibu likaja kweli: karibu mzee wetu. Nyale akakiweka chini kikombe.

"Kule kuna watu wamesoma," alisema taratibu. "Mimi nilikuwa napiga soga tu."

"Miaka yote watumaliza masikio," Kache alimkemea. "Leo umepata masikio mageni, waogopa? Utaenda, nasi tutakuwa nyuma yako."

Nyuma tulikuwa kweli. Jumamosi tulikaa safu ya mwisho kabisa. Wakati wa kuingia, mlango ulijifungua wenyewe, nikaupigia hodi. Breki, anayeteremka mlima wa Mazeras na kontena mgongoni, alishikilia ngazi zinazotembea kama mtoto siku ya chanjo. Baridi ya ndani ilimfanya Kache ajifunike leso kichwa kizima, yakabaki macho tu.

Nyale aliitwa. Alipanda jukwaani na koti la kuazima, akaishika maikrofoni kama kifaranga anachoogopa kukiua.

"Hamjambo," alisema. "Ukumbi huu... ni ukumbi."

Mtu akakohoa. Breki akajifunika uso kwa kofia. Mimi nilikagua viatu vyangu.

Ndipo Kache akasimama, akafunua leso.

"Muongo! Kuta hazikutoka mafuta!"

Watu wakageuka. Bawabu akaanza kutujia. Lakini Nyale aliinua kichwa kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini.

"Nani asema hazikutoka?"

"Mimi Jaji! Ilikuwa dari!"

"Wewe ulikuwa hujazaliwa! Kuta *na* dari!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Bawabu naye akasimama, akacheka. Nyale akaachia: debe, filimbi, dansi mpaka alfajiri. Halafu akapunguza sauti.

"Marehemu mke wangu, Judy, alibeba magunia humu likiwa bohari. Gunia lilimpinda mgongo hapa, hapa niliposimama. Dansi ilipoanza alinunua gauni, akaja na kucheza papa hapa, wima. Nami ndipo nilipomuona."

Hakuna aliyekohoa.

"Hiyo hukutuambia!" Kache alipaza sauti.

"Hamkunipa nafasi," alijibu mzee.

Wakampigia makofi wamesimama. Mshereheshaji, kwa furaha, akaileta maikrofoni safu yetu: "Na hawa rafiki zake, mna neno?"

Breki alinisukumia mimi. Nikamsukumia Kache.

"Nimeacha birika motoni," alisema Kache, akainuka.

Tulimfuata sote kwa mlango wa kwanza tuliouona, tukajikuta jikoni. Upande wa pili watu walicheka tena, na hatukujua Nyale amesema nini. Tukabaki katikati ya masufuria, masikio ukutani, tukigombana kwa kunong'ona ni nani anayepumua kwa kelele.