Mlango wa Babu Yake Yogesh

Abdulsamad alikuwa kwenye kituo cha basi mtaa wa Edmonton, nchini kwa Waingereza, Januari ya 1973, akijifanya ana kazi ya kuwahi, alipowaona wavunjaji waking'oa milango ya sinema kuukuu. Jengo lilikuwa la 1911, lina kuba mbili na nakshi za Kiarabu zilizochongwa na mafundi ambao Uarabuni hawakupata kukuona hata kwenye picha. Sasa linabomolewa ili magari yapate pa kulala.

Mlango mmoja ulikuwa na maua ya kuchonga na vifungo vya shaba. Abdulsamad akamvulia msimamizi koti lake la baridi, koti lake la pekee, wakabadilishana. Jinga gani hili, utasema. Lakini mteja alikwisha kumpata kichwani: Yogesh, mfamasia wa Stanmore, aliyeondoka Unguja baada ya Mapinduzi na suruali mbili, na ambaye nyumba waliyonyang'anywa ilizidi ghorofa moja kila mwaka katika masimulizi yake.

"Mlango wa babu yako huu, Bwana Yogesh. Nimeutoa Unguja kwa siri."

"Una hakika ni wetu?"

"Naapa mbele ya yeyote umtakaye."

"Basi utaapa Jumapili. Nitaalika watu, nikulipe mbele yao."

Hapo mjanja mwenye akili angeshtuka. Huyu alifurahi, maana sifa alizipenda kuliko pesa, na pesa alizipenda kuliko mama yake.

Jumapili mlango ulisimamishwa sebuleni, umevishwa shada la maua ya manjano na kutiwa alama nyekundu ya heri. Kila jirani aliukumbuka. Hata yule aliyezaliwa Kampala aliukumbuka. Abdulsamad akaapa mara tatu, kwa sauti nzuri kabisa.

Ndipo Bibi Kalpana, mama yake Yogesh, alipoinuka, akaupapasa mlango, akalia kweli kweli.

"Mwanangu, mlango huu wetu?" akamuuliza Abdulsamad.

"Wenu, mama."

"Tuliuuza?"

"Ah, mama! Mlinyang'anywa."

"Basi mtu hununuaje mlango wake mwenyewe? Yogesh, rejesha pochi yako mfukoni. Huyu katurejeshea chetu. Mungu akuzidishie, mwanangu."

Majirani wakapiga makofi. Abdulsamad akafungua kinywa. Akikana kiapo mbele ya mashahidi wote hawa, kuanzia mtaa wa Kingsbury mpaka Stanmore hatapata tena wa kumdanganya. Akakifunga.

Bibi akampeleka jikoni, akammiminia chai.

"Unguja mlango wetu ulikuwa wa mbao za masanduku," akasema taratibu. "Huu wa sinema ya Edmonton. Jumapili walituonesha picha za Kihindi pale. Miaka mitano nimeupita na marehemu mume wangu. Mji huu wote, pale tu ndipo tulipocheka. Niliposikia wanaivunja nililia siku mbili."

"Basi nilipe japo nauli, mama. Koti langu limekwenda."

"Nikulipe, halafu wale wa sebuleni niwaambie nini?"

Abdulsamad akanywa chai yote, kwa kuwa ndiyo faida yake ya siku hiyo, akatoka nje kwenye theluji na shati tupu.

Yogesh akamkimbilia mpaka barabarani, macho yanamng'aa, akamshika mkono.

"Ndugu yangu, na ngazi zetu je? Zilikuwa za marumaru. Nitafutie," akasema. "Kwa utaratibu ule ule."