Talaka ya Kumtisha Ndanu

Jumatano, 9 Januari 2008

Siku ya nane! Ndanu hajarudi. Nilimpa siku tatu za hasira, nikamwongezea mbili kwa sababu ya barabara kufungwa. Sasa ni nane. Yuko Kianda, kule Kibera, kwa rafiki yake Sella wa saluni. Amemchukua binti yetu Kalekye, sufuria zote isipokuwa ile iliyotoboka, na mto wangu. Mto wangu wa nini?

Kosa langu, kwa maneno yake: niliuza mashini yake ya kufuma sweta. Januari hii kila mzazi Kawangware anatafuta sweta ya shule, na mashini haipo. Lakini hasemi kwamba niliiuza Desemba, tena kwa mpango! Nilinunua kofia za kampeni, rangi za vyama vitatu. Ashinde nani, ashindwe nani, siku ya sherehe kofia ninazo. Ningejuaje kwamba kura zingeleta vita vya makabila badala ya sherehe? Magunia mawili yako chini ya kitanda. Hakuna kofia hata moja ninayoweza kuitoa nje bila mtaa fulani kunivunja taya.

Jirani yangu Shiundu ni seremala. Yeye hupiga mbao za sofa, mimi huzivika sponji na kitambaa. Amenishauri niende Kianda nimwambie mke wangu pole. Basi. Pole tu! Huyu huyu ndiye aliyembebea Ndanu sufuria mpaka Kianda, ati mama asibebe mzigo peke yake siku kama hizi. Shemasi wa kanisa. Ananichosha.

Nina mpango bora zaidi. Nitachukua barua ya talaka kwa wakili. Ndanu ataisoma, atatetemeka, atarudi kabla ya Jumapili. Talaka yenyewe siitaki, Mungu apishie mbali. Nataka barua.

Alhamisi, 10 Januari

Kliniki ya sheria ya bure, ukumbi wa kanisa nyuma ya soko. Nilifika saa mbili, foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Mama aliyekuwa mbele yangu amechomewa nyumba, na vitambulisho vyote vikiwa ndani. Mzee nyuma yangu amefukuzwa na mwenye nyumba kwa sababu ya jina lake. Wakaniuliza mimi nimepatwa na nini. Nikasema mambo ya nyumba. Wakadhani na yangu imechomwa! Yule mama akanipa nafasi yake. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Nafasi niliichukua.

Wakili ni msichana, anaitwa Wangoi, amechomeka kalamu mbili kwenye nywele. Swali la kwanza: je, nimemwomba mke wangu arudi? Nikamwambia nimekuja kutafuta sheria, mahubiri ninayapata bure kwa jirani. Akauliza cheti cha ndoa. Hakuna. Kanisani je? Hapana. Basi mila? Hapo nilijikunjua. Nikamweleza kwamba sisi Wakamba tuna ntheo: mbuzi watatu wanapelekwa kwa wazazi wa msichana, wanachinjwa, watu wanakula, na kuanzia hapo ni mke wako. Akauliza kama nilipeleka.

Nilipeleka mmoja. Mwaka wa 2001. Alikuwa na kikohozi. Wawili niliahidi.

Wangoi aliandika, akafuta, akaandika tena. Akasema kwa mila yetu wenyewe ndoa hiyo haijakamilika. Ninaweza kwenda kortini kuomba ile miaka tuliyoishi pamoja ihesabiwe kuwa ndoa, kisha niombe ivunjwe, lakini waliochomewa nyumba wako mbele yangu. "Bwana Kimanzi, kwa sasa hakuna cha kuvunja." Ila kuhusu Kalekye alisema hakuna mjadala. Ndoa iwepo, isiwepo, mtoto lazima ale, avae na asome. Akanipa fomu nijaze nitakavyomtunza.

Nilienda kutafuta barua ya kumtisha mtu. Nimerudi na fomu inayonitisha mimi.

Ijumaa, 11 Januari

Nilipanga kuficha. Kumbe Trizah, mke wa Shiundu, alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo kwa ajili ya dada yake, na kuta za ukumbi ni mabati! Kufikia saa sita habari ilikuwa Kianda. Sella akanitumia ujumbe: "Niaje Kimz! Ndanu anasema thanks. Kumbe bado yeye ni msichana wa watu." Nikapiga simu. Kredo yote iliisha nikisikiliza wanawake wawili wakicheka.

Ujumbe wa pili haukuwa wa kucheka. Kama ndoa haipo, Ndanu atarudi nyumbani kwa baba yake, Mzee Muli, huko Masii. Na mwanamume yeyote mwenye mbuzi watatu anaweza kubisha hodi.

Yeyote! Ndanu anafuma sweta bila kutazama mikono. Anaimba sauti ya pili kanisani hadi watu wanageuka. Watapanga foleni kutoka Masii mpaka Machakos mjini. Sikula chakula cha jioni, na si kwa sababu ya sufuria kutoboka.

Alhamisi, 17 Januari

Tangu jana ni maandamano, na redio inasema risasi zimelia Kibera. Nilimpigia Ndanu. Mteja hapatikani. Sella, vivyo hivyo. Nikaacha sofa ya mtu imefunuliwa tumbo, nikaondoka mbio kwa miguu. Pale njia panda vijana wenye mawe walinisimamisha, wakataka jina. Kimanzi. Mkamba! Mmoja akasema Wakamba wako upande wa wale. Mwingine akasema hapana, wako upande wao wenyewe. Wa tatu akasema hao ndio wabaya zaidi. Waliendelea kubishana, nami nikapita katikati yao.

Nilimkuta mlangoni kwa Sella, akikata sukumawiki. Kalekye alikuwa kando yake na kitambaa kibichi mdomoni kwa ajili ya gesi ya polisi ya kutoa machozi. Wazima, wote wawili. Nikaketi juu ya ndoo, nikajifuta jasho.

Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Lile lile la Shiundu. Ndanu aliweka kisu chini akaningoja. Alinitazama kwa upole, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Nikamwambia nimekuja kumkagua mtoto kwa ajili ya fomu ya wakili.

Akachukua kisu, akaendelea na mboga. Sella ndiye aliyenitoa hadi barabarani. "Kimz, wewe ni mtu wa aina gani?" Nilirudi Kawangware nikijitukana kwa Kikamba na Kiswahili.

Jumatatu, 21 Januari

Nimepata dawa! Inashangaza jinsi ilivyo rahisi. Ndanu anaondoka kwa sababu ndoa haipo. Talaka haiwezekani kwa sababu ndoa haipo. Kwa hiyo namwoa! Napeleka mbuzi, ndoa inakuwepo, talaka inapata meno, Ndanu anaogopa, anarudi. Nimeipitia mara tatu, sioni tundu.

Shiundu aliniuliza: akishakuwa mke wangu kamili, barua ya talaka ni ya nini tena? Nikamwambia sheria si useremala.

Mwenye bucha wa hapa stejini alikuwa ananionea wivu kwa sofa yangu, ile tuliyokuwa tukikalia na Ndanu kila Jumapili. Ameichukua. Amenipa mbuzi watatu kwa hiyo, hakuna anayekohoa. Tunaishi nao chumbani. Nimekaa sakafuni kuandika haya, na mmoja anasoma juu ya bega langu.

Jumatano, 23 Januari

Mbuzi wamekula kofia! Magunia yote mawili. Walianza na zile zilizokuwa juu, wakashuka taratibu, za vyama vyote, bila ubaguzi. Huenda ndio pekee Kawangware nzima wanaoweza hivyo siku hizi. Mwenye nyumba alichungulia dirishani akauliza kama na hawa ni wapangaji. Nikasema ni wakwe.

Jumamosi, 2 Februari

Mbuzi wa ntheo hawapelekwi na bwana harusi akiwa peke yake. Lazima kuwe na watu wa kumsemea. Wajomba zangu wako Kitui, wamekataa kusafiri mpaka nchi itulie. Nami nina kazi nyingi. Sawa, ukweli: namwogopa Mzee Muli. Mara ya mwisho aliniuliza wale wawili wako wapi, nikamwambia wako njiani. Ilikuwa 2003.

Nimemtuma Shiundu. Ndiyo, Mluhya, kwenda kuoa Masii kwa niaba yangu. Amekubali bila hata kuguna. Nimempa barua iliyofungwa amkabidhi mzee. Aya ya kwanza: pokeeni mbuzi. Aya ya pili: nawajulisha kwa heshima kwamba nakusudia kumpa binti yenu talaka. Kazi mbili kwa nauli moja.

Jumatatu, 4 Februari

Shiundu amerudi na maembe, mbaazi gunia nusu, na kofia mpya ya majani aliyovishwa na mama mkwe. Mama mkwe WANGU! Walimpenda. Aliomba sala ndefu, akawasaidia kuchuna, akakaza mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Kwenye tumbo la mbuzi mmoja walikuta kitufe cha kofia, wageni wakabishana ni cha chama gani hadi nyama ikaiva. Mbuzi wote watatu waliliwa. Wazee wakatamka kwamba kuanzia jana Ndanu ni mke wangu.

Kisha mwalimu mmoja akaombwa aisome barua yangu mbele ya watu.

Mzee Muli aliomba miwani, akaisoma upya mwenyewe. Akasema ameishi miaka sabini, hajamwona mtu anayeoa na kuacha katika bahasha moja. Lakini mila ni mila. Kama Kimanzi hamtaki, hahitaji wakili. Yeye mwenyewe atanirudishia mbuzi mmoja, mbuzi wa kukataa, na siku mbuzi huyo atakapoingia mlangoni kwangu, Ndanu si wangu tena, na hakuna korti itakayomrudisha. Amenipa mpaka tarehe moja Machi. Ama Ndanu awe amekubali kurudi kwangu, ama mbuzi ataanza safari.

Nilimuuliza Shiundu kwa nini hakuichana barua. Akasema ilikuwa imefungwa na haikuwa yake. Mtu mwaminifu ni hatari sana!

Jumatano, 20 Februari

Wangoi alituita wote wawili kliniki. Ndanu alivaa ile sweta yake ya kijani. Nilisahau maneno yote niliyoyapanga njiani.

Mambo yalikwenda vizuri, hilo ndilo linalonikera. Fomu ya Kalekye nilitia sahihi. Mashini nimekubali kuikomboa: yule aliyeinunua anataka viti vya sebuleni, nitamtengenezea. Barua ya talaka Wangoi aliniuliza kama bado naitaka, nikasema hapana, ilikuwa tu ya kumsukuma mtu. Akaitazama dari kwa muda.

Basi likabaki jambo moja. Ndanu alisema hana dai lingine, anataka kusikia neno kutoka kwangu. Wangoi akafunga kalamu. Nikasimama. Nikaeleza hali ya nchi. Nikaeleza nilivyolala na mbuzi siku kumi na mbili. Nikaeleza kwamba biashara ya kofia, kwa mtazamo mpana, haikuwa mbaya. Kalekye akasinzia juu ya mapaja ya mama yake.

Ndanu alimwinua mtoto, akasema Jumamosi ya tarehe moja, saa mbili asubuhi, anapanda basi la kwenda kwao. Nikifika Kianda kabla ya hapo na neno hilo, atafungua mkoba na kubaki. Nisipofika, hatafungua. Hakupaza sauti hata kidogo. Heri angenitukana.

Alhamisi, 28 Februari

Wakubwa wa vyama wametia sahihi mapatano! Redio zote ziko juu. Kawangware watu wanakumbatiana na wale waliokuwa wakiwarushia mawe. Yule mama wa foleni nimemwona akicheza na mzee aliyefukuzwa nyumba. Nimelia kidogo, nikasingizia moshi wa mahindi.

Na hapo hapo nimeamua. Nitamwomba Ndanu msamaha! Naam. Nilikosa. Mashini ilikuwa yake, niliiuza bila kumuuliza, na tangu aondoke nyumba haina hata sauti ya kunikaripia. Nampenda, na leo naliandika hapa waziwazi.

Ila nitalifanya kama mtu mwenye akili. Siwezi kutembea tu hadi Kianda na kubwabwaja mlangoni. Nimeandika kurasa mbili, zimechapwa kwa kompyuta pale saiba, juu kabisa: KUH: MSAMAHA. Aya kumi na nne. Nilimsomea Shiundu, akasema aya ya tisa peke yake inatosha, ile yenye neno pole, na kwamba jua bado liko juu, Kianda ni mwendo wa saa moja na kidogo, niende sasa hivi. Ati atanisindikiza! Huyu mtu hajawahi kuelewa uzito wa maandishi. Pole ya mdomo inasemwa na yeyote aliyekukanyaga mguu. Yangu itakuwa na muhuri. Nimekwenda kwa fundi wa mihuri, nimeagiza wa duara, wenye maneno KIMANZI, MUME HALALI, na nafasi ya tarehe katikati.

Fundi ana kazi nyingi. Amesema utakuwa tayari Jumatatu saa nne. Nimekubali. Ni siku mbili tu baada ya Jumamosi, na Ndanu ni mtu wa subira.