Godoro la Nanuli

Jumatatu, 5 Mei
Zurabi, nahodha wa timu yangu ya raga, kaja mazoezini shingo imekakamaa. Jumamosi iliyopita alimkaba mkimbiaji ili amwangushe, kichwa chake kikiwa mbele ya magoti ya mwenzake. Nimemwambia mara ngapi! Kichwa nyuma ya mkimbiaji, shavu kwenye nyonga, macho wazi. Anasema anaelewa, ila hana cha kujifunzia. Kweli. Gocha, kocha wa ng'ambo ya mto Rioni, ana mifuko mipya minene ya kujifunzia kukaba na kanitumia picha. Mshenzi. Jumamosi hii tunacheza naye. Kufungwa nimezoea, lakini sitaki mtu avunjike shingo mikononi mwangu.

Jumanne, 6 Mei
Nimepata! Godoro la sufu la marehemu mke wangu. Tangu Nanuli afariki nalala kwenye kochi, lenyewe limekaa bure. Dada yake, Tsiala, anataka kulifumua, afue sufu na kuichapa fimbo, kama wanawake wote hapa kila kiangazi. Nimemkatalia. Nimesingizia mvua. Ukweli, likifuliwa litapoteza harufu ya Nanuli.

Nimelikunja, nimelikaza kamba. Gocha atakoma.

Jumatano, 7 Mei
Wamecheka. Eti, "Kocha, leo tunamkaba bibi harusi?" Nikawaambia wanyamaze watazame. Hatua fupi, inama, bega ligonge, mikono ikumbatie. Nikalikaba mwenyewe. Bado linanukia yale majani ya mti wa mjozi Nanuli aliyokuwa akifukuzia nondo wanaokula sufu. Nikakumbatia, nikabaki pale pale. Zurabi akauliza taratibu kama hiyo nayo ni mbinu. Nikasema ndiyo. Basi wakafanya wote, mmoja mmoja, majitu mazima yamelala na godoro. Hakuna aliyecheka tena.

Alhamisi, 8 Mei
Limepasuka. Bondo, mzito wetu kuliko wote, amekaba vizuri mno. Sufu imetapakaa kwenye matope. Tsiala akaitwa. Nilingoja matusi. Akapiga magoti, akaanza kuokota. "Shemeji," akasema, "si ungeniambia tu umemkumbuka? Mimi pia namkumbuka." Nimelia mbele ya timu nzima.

Ameifua sufu. Sasa inanuka sabuni.

Jumamosi, 10 Mei
Tumefungwa. Vichwa vyote vilikaa mahali pake, hakuna aliyeumia, hata Gocha kasifu. Lakini sheria inasema ukishamwangusha mtu, umwachie. Wangu wanakumbatia na kubaki pale pale. Adhabu juu ya adhabu! Mwamuzi kaja kuniuliza nani aliwafundisha hivyo.

Jumapili, 11 Mei
Tsiala kaleta godoro limeshonwa, jeupe, safi. Kasema, "Shemeji, lala kitandani sasa, inatosha." Nimelijaribu. Ni godoro tu.

Kesho nawafundisha kuachia. Nitaonyesha mwenyewe. Kabatini umebaki mto wa Nanuli, haujawahi kufuliwa, saizi yake inafaa kabisa. Nimeshaufunga kamba. Niko nao hapa kochini, naujaribu kwanza.