Mimi Siitwi Jaza Jina

Musau, kinyozi,
Veranda ya Sifuna,
Kabiro, Kawangware.
Februari, 2008

Kwa Mhariri,
Gazeti la Macho ya Jiji,
Nairobi.

Ndugu Mhariri,

KUH: HABARI YENU YA VINYOZI WAWILI WALIOPATANA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na ofisi yako ikiwa bado na vioo vyake vyote. Mimi pia ni mzima, isipokuwa hasira.

Mimi ndiye yule mwanamume mwenye wembe katika picha yenu ya Jumatano. Aliyeketi kitini, mwenye nywele upande mmoja na kipara upande wa pili, ni Sifuna, mwenye duka. Juu ya picha mliandika kwa herufi kubwa: MAHASIMU WA KIKABILA WAZIKA CHUKI. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, mpaka gazeti likachanika pale kwenye mkunjo, na bado sijaona mahali mlipotuuliza chochote.

Kwa heshima zote, niruhusu nieleze mambo yalivyokuwa, kisha nitoe malalamiko yangu kwa nambari, ili msije mkaruka moja.

Kibanda changu cha kunyolea kilikuwa Kibera, karibu na kijiji kiitwacho Raila. Kilichomwa mwezi uliopita, wakati Wakamba tulipoanza kutazamwa kwa jicho baya baada ya uchaguzi, kwa mambo ya siasa ambayo mimi sikuitwa kuyapanga. Niliokoa kiti, kioo na mashine moja ya kunyoa. Nilifika Kabiro nimebeba kiti kichwani, nikamkuta Sifuna, ambaye tulifundishwa kazi pamoja zamani na mzee mmoja pale Riruta. Sifuna ni Mbukusu, yaani Mluhya. Alinitazama, akatazama kiti, akasema, "Weka hapo veranda. Lakini usiguse redio." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote ya kikabila.

Sasa malalamiko.

1. Ni kweli mimi na Sifuna hatuelewani. Hilo sikatai, wala yeye hakatai; muulizeni hata leo. Lakini ugomvi wetu ni wa kitaalamu. Sifuna anaamini kwamba mstari wa nywele kwenye paji la uso unafaa kuwa umenyooka kama ukingo wa meza. Mimi naamini ufuate kichwa jinsi Mungu alivyokiumba. Tena nikianza kumsimulia mteja hadithi nzuri, Sifuna huongeza sauti ya redio. Na mtu akikaribia kiti changu, yeye huita kutoka ndani, "Boss, ingia huku, nje kuna baridi!" hata kama jua linapasua mawe. Huu ni uhasama safi, tumeulea wenyewe, na hakuna kabila hata chembe ndani yake. Mmetuharibia.

2. Hamkufika kwetu kutafuta habari. Mlifika na habari yenu tayari. Ilikuwa ndani ya pikapu ya kampuni ya mafuta ya kujipaka iitwayo Nyororo, pamoja na mabango, fulana, na kijana mmoja anayeitwa Bwana Ian, afisa wa uhusiano mwema. Mwandishi wenu, dada Kavetsa, alishuka kutoka pikapu hiyohiyo. Bwana Ian alituuliza makabila yetu. Tukamwambia.

"Poa sana! Na huwa mnagombana?"

"Sana," tukajibu kwa pamoja, kwa sababu sisi ni watu wakweli.

Bwana Ian akapiga makofi. Hakuuliza tunagombania nini. Nikamgeukia dada Kavetsa nikamwambia, "Dada, wewe huna swali?" Akanionyesha karatasi yenye nembo ya Nyororo, akasema kwa upole, "Mzee, mimi nishapewa. Hata deadline ya kupeleka habari imefika." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka sana, kwa hiyo simlaumu yeye. Nakulaumu wewe.

3. Kichwa cha Sifuna. Bwana Ian alitaka nimnyoe Sifuna mbele ya kamera, ati kuonyesha kwamba Mbukusu sasa anaweza kumwamini Mkamba mwenye wembe. "Sifuna, weka uso wa kusamehe," akasema.

"Nisamehe nini?" Sifuna akauliza. "Bado hajaanza kunyoa."

Nilipofika katikati kwa mashine, wembe nikiwa nimeushika kwa ajili ya picha tu, mpiga picha akapaza sauti, "Hapo hapo! Usimalize! Hiyo nusu inaonyesha nchi yetu ilivyo!" Wakapiga picha, wakapanda pikapu, wakaenda. Nilipoinua mashine nimalize, stima ikapotea. Nikataka kuendelea kwa wembe, Sifuna akaniambia wembe wangu anaukubali kwenye gazeti tu. Alilala hivyo hivyo. Asubuhi alienda kanisani hivyo hivyo, mchungaji akamwekea mikono upande ule wenye kipara. Na habari yenu inasema kwamba Sifuna alikuwa akiuogopa wembe wangu "kwa miaka mingi kwa sababu ya kabila." Uongo! Anauogopa kwa sababu anasema ni butu.

4. Hili ndilo limeniuma zaidi. Mlichapisha karatasi ya Bwana Ian neno kwa neno, bila hata kuisoma. Najua hamkuisoma, kwa sababu katika aya ya tatu imeandikwa hivi: "'Tangu nianze kujipaka Nyororo, chuki imeyeyuka moyoni mwangu,' alisema kinyozi wa pili, Bw. Jaza Jina."

Ndugu Mhariri, mimi siitwi Jaza Jina. Naitwa Musau. Sasa Kabiro nzima inaniita Jaza Jina. Watoto wakitoka shule wanapita wakiniimbia. Juzi mteja mgeni alikuja akiuliza kwa adabu, "Samahani, Mzee Jaza yuko?" Sifuna akamjibu kutoka ndani, kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia katika sauti yake, "Yuko, hapo nje kwa baridi!"

Tena mimi sijawahi kujipaka Nyororo. Ngozi yangu ya Kitui hujipaka chochote kilichopo, na wakati mwingine kilichopo ni mafuta ya kupikia. Lakini watu wameamini. Mama mmoja jirani, Nasike, alimleta mumewe akimvuta kwa mkono, akasema, "Mpake ile ya amani, huyu amekuwa na kisirani tangu Krismasi." Nikampaka yale mafuta kidogo niliyoachiwa na Bwana Ian. Kesho yake Nasike akarudi akilalamika kwamba kisirani ni kile kile, ila sasa kinang'aa. Malalamiko hayo yalikuwa yako, Mhariri. Nimeyapokea kwa niaba yako.

5. Mama mkwe wangu, Mama Kavindu, yuko Kitui. Gazeti lenu lilifika huko likiwa limefungiwa sabuni. Walilisoma kanisani baada ya ibada, wakaniombea nitokwe na roho ya kuchukia Waluhya. Mama mkwe akampigia simu mke wangu, Ndunge, akamuuliza kwa nini alimficha kwamba ameolewa na mtu hatari. Nimewahi kuogopwa na mbuzi wa mama mkwe, lakini na mama mkwe mwenyewe, hii ni mara ya kwanza.

Nataka unielewe vizuri hapa, nami sitanii. Siku hizi neno kabila si la kuchezea. Kuna watu wanaopita mitaani wakitafuta sababu. Mimi na Sifuna tukigombania mstari wa nywele, nyinyi mkaandika kabila, mnampa sababu mtu aliyekuwa hana. Tuna haki ya kuchukiana kwa sababu zetu wenyewe.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, mchapishe masahihisho ukurasa wa mbele, kwa herufi zilezile kubwa: MUSAU NA SIFUNA HAWAJAPATANA, WANABISHANIA MSTARI.

Ikiwa hilo ni gumu, basi nami nipewe afisa wa uhusiano mwema. Nimeona kwamba kwenu mtu asiye na afisa hawezi kuingia gazetini akiwa yeye mwenyewe. Huingia akiwa nafasi iliyoachwa wazi. Afisa wangu atawaletea karatasi kila Jumatatu kuhusu maendeleo ya ugomvi wetu, nanyi mtaichapisha bila kusumbuka kuuliza, kama kawaida yenu.

Na ikiwa hata hilo haliwezekani, napendekeza Bwana Ian akalie kiti chako kabisa, maana kazi ni yake. Wewe uje Kabiro. Veranda ina nafasi. Nitakufundisha kunyoa, na somo la kwanza ni kumuuliza mtu anataka nini kabla hujaweka wembe kichwani mwake.

Nimalize kwa kuwasalimu wote hapo ofisini: wachapishaji, madereva, mama wa chai, askari wa langoni, na dada Kavetsa, ambaye namwombea usingizi wa kutosha. Msalimie hata Bwana Ian, maana najua yuko karibu. Sifuna hajatuma salamu, kwa sababu hajui naandika.

Wako katika kudai ukweli,

Musau (narudia, Musau)

N.B. Nilikuwa nimeshapata bahasha ya kutia barua hii wakati kundi la vijana nisiowajua lilipopanda kutoka bondeni, wakiuliza nyumba hadi nyumba ni nani amehifadhi wageni wa makabila mengine. Walinikuta veranda peke yangu. Mmoja akaniuliza, "Mzee, wewe ni wa wapi?" Sifuna akatoka ndani, redio akiwa ameizima. Kabla hajasema neno, kijana mwingine akatukazia macho, akasema, "Ala! Si nyinyi ndio wale wa gazeti? Wale wa kusameheana?"

Sifuna akanikumbatia shingoni mpaka nikakohoa. "Ndio sisi! Tunapendana vibaya sana!"

Nami, Ndugu Mhariri, kwa kinywa changu mwenyewe, niliyasema yote mliyoandika, neno kwa neno, na mengine nikaongeza. Vijana wakacheka, wakatusalimia kwa mkono mmoja mmoja, wakapita. Walipokata kona tuliketi chini wote wawili.

Kwa hiyo tafadhali usichapishe masahihisho yoyote. Ukipata nafasi, rudia ile picha. Na safari hii ikuze, ionekane hata na mtu aliyesimama mbali barabarani.