Jinsi Nilivyowauzia Waholanzi Taulo za Mke Wangu

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimezaliwa upya. Mimi, Rıfkı wa Buldan, Uturuki, nitakuwa mwuzaji wa kimataifa!

Sababu ni mlango. Chumba cha wageni hakifunguki. Nimeusukuma kwa bega, umegoma. Nyuma yake kuna taulo za hamamu alizofuma mke wangu Nazmiye tangu baridi ilipoanza. Nyepesi, za mistari, zinakauka kabla hujamaliza kuzianika. Mikono ya mwanamke yule! Katika mji huu wa wafumaji, hata wapinzani wake huja kuzipapasa taulo zake kisha wakanyamaza.

Nazmiye amesema Idi ya Kuchinja inakaribia, dada zake wanakuja, na hawezi kuwalaza juu ya marobota. Ama niziuze mimi, kama nilivyojigamba mbele ya ukoo mzima, ama kazi ya kuuza anampa binamu yake Sabahattin. Mwaka huu na miaka yote.

Miaka yote! Sabahattin! Anawauzia Waholanzi majoho ya kuogea, na tangu hapo anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Nikinyang'anywa kazi hii nitabaki nani? Mume wa mfumaji tu. Nimeapa juu ya sufuria ya maharage kwamba Waholanzi watanunua kwangu. Nazmiye ameomba niondoe mkono, maharage yanaungua.

Jumanne, 6 Mei

Nimeshinda mkahawani na simu, nikichagua soko la mtandaoni. Waholanzi wana masoko mengi, na kila moja lina masharti kama mama mkwe.

Sabahattin amenikuta. Ameketi bila kukaribishwa, ameagiza chai, amesema nitalipa mimi. Kisha akanipa ushauri nisiouomba: Shemeji, usijisumbue, Mholanzi ananunua kwenye soko kubwa la kwao alilolizoea. Anataka bei moja iliyonyooka. Anataka kujua mzigo utafika siku gani, na ufike siku hiyo, si kesho yake. Analipa kupitia benki yake mwenyewe. Akighairi anarudisha, tena kwa anwani iliyo kule kule kwao, nawe unasema asante sana.

Ushauri mzuri. Ndiyo maana siwezi kuufuata. Nikiufuata, mji mzima utasema Sabahattin ndiye aliyeuza.

Nimejaribu soko la dunia nzima. Wametaka kitambulisho, cheti cha biashara, namba ya kodi, na video yangu nikigeuza kichwa kushoto na kulia. Nimegeuza. Wamesema huyo si mimi. Ni masharubu, kwenye kitambulisho sina.

Nimejaribu soko la kazi za mikono. Limejaa taulo za Buldan, ukurasa hadi ukurasa. Nimemwona dada yake Sabahattin. Nimemwona mwalimu wangu wa hesabu. Nimetoka taratibu, kama mtu aliyekosea msiba.

Kisha nikalipata! Soko ambalo Waholanzi wanauziana wenyewe kwa wenyewe, vitu vipya na vikuukuu. Chini ya kila kitu kuna mahali pa kuandika bei unayotaka wewe. Kupatana! Waholanzi wanapatana bei! Machozi yamenilenga. Hawa ni ndugu zetu waliopotelea kaskazini. Na ni nani aliyewahi kunishinda mimi kupatana?

Alhamisi, 8 Mei

Soko linataka namba ya simu ya Uholanzi. Nazmiye ana mjomba huko Enschede, Mjomba Hulusi, aliyefanya kazi kwenye viwanda vya nguo mpaka vikafungwa. Nimempigia. Amesema hawezi kuzungumza, hatukuahidiana. Nimpigie kesho saa nne na robo.

Miadi! Ya simu! Na mimi ni mkwe wake! Nazmiye amecheka mpaka akakata uzi.

Ijumaa, 9 Mei

Saa nne na robo kamili, Mjomba Hulusi alikuwa ameshika simu. Alikuwa ameshakunywa kahawa yake, ameshakaa kitini, na dakika zote alizoniahidi zilikuwa zangu peke yangu. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyemwita. Sijawahi kusikilizwa hivyo katika maisha yangu. Nimeanza kuwaheshimu watu hawa.

Amekubali namba yake itumike. Masharti yake: nisichelewe, nisidanganye, na kwenye tangazo niweke picha ya taulo, si yangu mimi nimejifunga taulo. Nimeuliza mbona. Amesema, "Mwanangu, wanataka kununua taulo. Wewe hawakutaki."

Nimeweka tangazo. Bei: maradufu. Lazima pawepo mahali pa kuteremkia. Mwuzaji anayeanza na bei ya kweli ni sawa na mtu anayecheza mpira bila kuvaa suruali.

Jumamosi, 10 Mei

Mteja! Anaitwa Bi Wietske, wa Leeuwarden. Mwalimu wa kuogelea aliyestaafu. Yeye na wenzake huogelea kwenye mfereji kila asubuhi, hata barafu ikiwa ukingoni. Hata barafu ikiwa ukingoni! Wanawake gani hawa?

Ameandika kwamba bei yangu ni kubwa mno. Hakusema samahani, hakuulizia watoto. Ametaja robo yake. Robo! Nikasimama peke yangu sebuleni nikampigia makofi. Simu inatafsiri Kituruki changu, ikawa shangwe asubuhi nzima. Nikamwambia kwa robo hiyo hata pindo hapati. Akaongeza kidogo. Nikamwambia mke wangu anapofusha macho kwenye mtambo wa kufumia. Akajibu kwamba mke wangu aende kwa daktari wa macho, asingoje. Nikamwambia watoto wangu watalala njaa. Akauliza wana umri gani. Wa kwanza ana miaka thelathini na moja, ni dereva wa lori Izmir. Nikabadili mada.

Mwisho nikafanya kile ambacho kila mwuzaji mwenye adabu hukifanya mambo yakifikia ukingoni. Nikaweka mkono kifuani, nikaandika: Bibi yangu, kati yetu sisi pesa ni kitu gani? Wewe umekuwa ndugu. Chukua. Chukua bure, ziwe zawadi yangu.

Hapo mnunuzi hukataa. Nawe unasisitiza. Anakataa tena, kwa kuona haya. Kisha anataja bei nzuri, mnapeana mikono. Hata mtoto wa Buldan anajua hili kabla hajajua kufunga viatu. Naenda kunywa chai huku nikimngoja aone haya.

Jumapili, 11 Mei

Hakuona haya.

Ameandika: "Asante! Huu ni wema mkubwa. Nachukua kumi na mbili, kwa kikundi chetu chote. Gharama ya posta nitalipa mimi, hiyo ni haki."

Nimesoma mara nyingi. Nimemwonyesha mtu wa mkahawa, kama simu imekosea. Simu haikukosea. Imetafsiri neno kwa neno, na hapo ndipo nilipozikwa.

Jumatano, 14 Mei

Siku hizi nimejaribu kumdokezea. Niliandika kwamba uzi umepanda bei. Akajibu, pole sana. Niliandika kwamba Idi inakaribia na kondoo ni ghali. Akajibu kwamba yeye hali nyama. Niliandika kwamba zawadi kubwa namna hii haijapata kutolewa katika historia ya Buldan. Akajibu kwamba anajua, amewaambia majirani wote.

Leo majirani wote wamenitumia ujumbe. Wanauliza kama zimebaki.

Mdomo uliponza kichwa. Lakini nikirudi nyuma, watasema Waturuki ni waongo. Taifa zima limekalia shingo yangu! Nimengoja Nazmiye aende kwa fundi wa mtambo, nikatoa taulo kumi na mbili, nikazibeba posta ndani ya zulia. Njiani nimekutana na Sabahattin. Amenitazama, akatazama zulia, akavua miwani. Ameuliza, "Shemeji, zulia linatoka pindo?"

Nimemwambia ni mtindo mpya.

Ijumaa, 16 Mei

Nazmiye anajua.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alizima mtambo, akaniuliza kama ni kweli nimegawa bure kazi ya mikono yake kwa wanawake wanaoogelea. Nimemweleza desturi, mkono kifuani, kukataa mara ya kwanza, mara ya pili. Amesema desturi anaijua, na kwamba ile ni desturi ya dukani, ambako mnatazamana machoni. Akauliza, yule mama alikuona macho?

Niliona vidole vyake, vina alama za uzi, nikaona aibu ya kweli.

Amesema Jumapili baada ya chai anamwita Sabahattin, na mimi niwe nimekwisha kufuta tangazo. Nimefuta. Nimelala kifudifudi kwenye sofa mchana kutwa.

Jumapili, 18 Mei

Siku ya maajabu! Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Nazmiye alikuwa na miadi na mjomba wake. Mjomba Hulusi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampigia Bi Wietske, akamwunganisha nasi kwenye simu ile ile, akamfafanulia kwamba kwa Kituruki mtu anaweza kusema chukua bure akiwa na maana kwamba lipa.

Bi Wietske akauliza: "Sasa alisema bure kwa nini?"

Mjomba anasema amekaa Uholanzi miaka mingi na bado hana jibu la swali hilo.

Yule mama hakukasirika. Akasema kama ni hivyo, kazi ya mtu hulipwa, na angependa kuambiwa bei. Si ya kupatana. Bei. Nazmiye akaitaja kwenye simu, moja, bila kukohoa. Bi Wietske akasema hiyo ni halali. Pesa za taulo zote kumi na mbili ziliingia kabla hatujaondoa vyombo vya chai. Akaongeza kwamba hakuelewa kwa nini vitu vizuri hivyo vipo kwenye soko la baiskeli mbovu. Vingekuwa kwenye soko kubwa, angevinunua siku ya kwanza bila kumwandikia mtu yeyote.

Nilitaka kusimama kwa heshima. Watu gani hawa! Ukiwaambia bure, wanaamini. Ukiwaambia lipa, wanalipa. Ingekuwa vizuri mtu kuishi miongoni mwao, ila angehitaji kufikiri kabla ya kusema.

Sabahattin akafika, miwani usoni, na kalamu mfukoni. Nazmiye akamkaribisha biskuti. Akamwambia asante binamu, nimeamua kuuza mwenyewe. Kwenye lile soko kubwa. Mjomba atatoa anwani ya kurudishia. Sabahattin akavua miwani, akaifuta, akasema hongera dada, na akasema kwa moyo. Nimelazimika kukiri kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Nimekiri humu tu.

Kwa hiyo sikushinda, na Sabahattin hakushinda. Ameshinda Nazmiye. Usiku kabla ya kulala nilimuuliza, je, mimi nibaki nani? Akasema nibaki na utepe wa kufungia.

Jumatano, 28 Mei

Chumba cha wageni kina sakafu! Nilikuwa nimesahau rangi yake.

Taulo zinaondoka kama mkate wa moto. Nazmiye akiahidi Alhamisi, zinafika Alhamisi. Amejifunza kuhesabu siku za posta vizuri kama anavyohesabu nyuzi. Zimerudishwa mbili tu, na Mjomba Hulusi amemshukuru aliyezirudisha.

Wanunuzi wanaandika maoni. Mmoja: "Taulo inakausha." Mwingine: "Hakuna cha kulalamikia." Nilihuzunika, nikadhani tumeharibu. Mjomba amenieleza kwamba hiyo ya pili ni sifa ya juu kabisa kwa Mholanzi, na kwamba yeye mkewe alimwambia hivyo mara moja tu, siku walipotimiza miaka arobaini ya ndoa.

Namtazama mke wangu akiwa mtamboni na simu begani, akitaja bei moja kwa watu wa mbali, nami najivuna kama niliyemfuma mwenyewe.

Kazi yangu ni kufunga vifurushi na kujibu wanaoshukuru. Bei nisiguse. Malalamiko nisiguse. Shukrani, amesema Nazmiye, hata wewe huwezi kuziharibu.

Jumanne, 3 Juni

Bi Wietske ameandika kushukuru! Taulo zinakauka upesi kwenye upepo wa mfereji. Kikundi kizima kinamsalimu mfumaji. Ameongeza kwamba mwezi wa Septemba wanafikiria kuja kuogelea kwenye bahari yetu na kisha kupita huku kwetu, akauliza kama hoteli za Denizli, mji mkubwa wa karibu, ni nzuri.

Hoteli! Nimeumia moyoni. Shukrani ni idara yangu, nikajibu papo hapo, kwa adabu zote, kama baba yangu alivyonifundisha. Nimeandika: Hoteli ya nini, dada? Nyumba yetu ni nyumba yenu. Njooni wote, kaeni mpaka mchoke. Mke wangu atawapikia.

Maneno mazuri. Nimeyasoma mara mbili kwa kuyapenda. Yeyote mwenye malezi angejibu kwamba hapana, asante, hatutaki kuwasumbua.

Jibu limefika nikiwa bado nakunywa chai. Wamefurahi sana. Wameshaandika kwenye shajara zao, tarehe mbili mpaka tarehe ishirini na tatu, watu kumi na wawili, watakuja na jibini yao. Wanauliza kama kifungua kinywa ni saa moja au saa moja na nusu.

Nazmiye yuko mtamboni, anaimba. Nimewajibu saa moja.